Zamu ya Kumgeuza Mama

Sikilizeni, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hapatakuwa na nafasi. Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, yule tunayemwita Msusi kwa kazi yake ya nywele. Ningeweza kumsitiri, nikasema ni jirani. Lakini ugomvi wa ukoo huu naujua wote, nani alimnunia nani na kisa nini, na huu nikiupamba nitakuwa nimeweka uongo juu ya uongo. Uongo uliopo unatosha.

Basi. Ilikuwa siku ya kawaida tu, jua limetulia, nguo zinakauka kwenye kamba. Mume wa Msusi, fundi wa majokofu, akaingia nyumbani amebeba maboksi yamemfika kidevuni. Yule bwana, vitu vipya ndiyo maradhi yake. Alikuwa ameona dukani nyumba inayosikia. Unaiambia taa iwake, inawaka. Unaiambia tivii ikutafutie filamu, inatafuta. Mtu akigonga geti, sura yake unaiona kwenye simu, na unaweza kumjibu ukiwa jikoni unakoroga chungu. Kila chumba akaweka spika ndogo, nyeusi, ya duara, kama kifuniko cha birika. Watoto wa mtaani wakaiita Kasuku, na nyumba nzima ikaliokota jina.

Dada yake fundi alikuwepo siku hiyo. Huyo tunamwita Redio, kwa sababu akianza kusema hana kitufe cha kuzimia.

"Kwa hiyo kaka," akasema, mikono kiunoni, "umeenda kununua kitu cha kuongea, na mimi nimo humu ndani?"

"Hiki kinanyamaza ukikiambia, dada. Ndiyo tofauti yenu."

Wakacheka mpaka machozi. Hata mgonjwa chumba cha nyuma alisikika akicheka, kicheko chake cha upande mmoja.

Mgonjwa mwenyewe ni mama yao, mama mkwe wa Msusi. Alipooza kushoto. Akili yake ilikuwa nzima, ulimi unakokota kidogo, lakini mwili haukumtii. Ukimlaza hivi, atabaki hivyo hivyo mpaka uje umgeuze. Akikaa sana upande mmoja mkono unakufa ganzi na ngozi inaanza kuoza. Kitandani alitandikiwa kitambaa alichokifuma kwa mikono yake enzi za uzima, maua yenye petali nne, yameshikana mwanzo mpaka mwisho. Kila ukimgeuza unayakuta maua yamechapika kwenye mkono wake, mekundu, kama amepigwa muhuri.

Kwa hiyo walikuwa na zamu. Asubuhi ya Msusi, kabla wateja hawajaja. Mchana ya Redio, maana alikaa mtaa wa pili. Jioni ya fundi. Kama mama anahitaji kugeuzwa katikati, aligonga kijiko kwenye kikombe cha bati.

Kasuku akaja kuwaondolea kelele za kijiko. Binti wa nyumba, ndiye mwenye kujua simu, akaketi na bibi yake kitandani ili kile kidude kiizoee sauti.

"Bibi, sema neno lolote."

"Niseme nini mimi?"

"Lile unalosema kila siku."

Bibi akafikiri. "Nigeuze," akasema.

Wakaliweka hilo. Bibi akisema nigeuze, tivii inasimama palepale ilipofika, na nyumba nzima, sebuleni, jikoni, mpaka getini, Kasuku anatangaza kwa sauti yake ya kike, laini: *Mama anaita.* Kikombe na kijiko Msusi akavirudisha kabatini. Vya nini tena?

Na kwa kweli mwanzo ilikuwa raha. Jioni familia nzima kwenye tivii, mama anasikilizishwa nyimbo za ujana wake kule chumbani, akiita wanamsikia. Wageni wakija wanaonyeshwa. Msusi alikuwa anajivuna nayo nyumba ile, akiongea na taa mbele ya wateja kama mtu anayemtuma mtoto.

Ikaja Jumapili ya mwisho wa tamthilia. Ile ambayo mji mzima ulikuwa unaifuata, kila saluni haina mazungumzo mengine. Msusi akawaalika wenzake wa kazi waje kuimalizia kwake kwenye ile tivii kubwa. Fundi alikuwa ameitwa kwenye jokofu la bucha lililokufa na nyama ndani. Binti yuko kwa rafiki zake.

Wakaketi. Haikufika mbali, tivii ikasimama. *Mama anaita.* Msusi akaenda, akamgeuza, akarudi. Ikasimama tena. Akaenda. Mara ya tatu wenzake wakaanza.

"Shoga, hii ni tivii au ni mama mkwe?"

"Mwenzenu ameolewa na watu wawili!"

Akacheka nao, lakini uso ulikuwa unamchoma. Ndipo Redio akatokea mlangoni, amefika kwa zamu yake ya mchana, na ndoo ya nguo za mama alizozifua. Msusi akamtazama, akawaza jambo moja tu. Huyu akiingia, atakaa hapa na sisi. Atauliza yule nani, huyu alimfanyia nini yule, mpaka mwisho upite hatujasikia hata neno. Akatoka kumlaki barazani.

"Wifi, mama amelala. Nimemgeuza sasa hivi. Rudi tu ukapumzike, leo nimekushikia."

"Kweli? Mungu akubariki wifi yangu, miguu yenyewe imevimba."

Redio akaweka ndoo, akaenda zake. Hivyo tu. Maneno madogo.

Dada wa kwenye tamthilia amefungua mdomo kutaja baba wa mtoto, tivii ikasimama. *Mama anaita.* Wanawake wakapiga kelele. Msusi akachukua simu. Binti alishamwonyesha mahali pa kubonyeza ili chumba kisisumbue vyumba vingine. Akabonyeza chumba cha mama. Akajiambia, kidogo tu, mpaka amtaje.

Akamtaja. Kisha wakabishana. Kisha mmoja akasema turudie pale. Kisha wakatoka mpaka getini wakasimama wakicheka, unajua wanawake wakiagana.

Alipoingia chumba cha nyuma, alimkuta mama amelala kifudifudi. Alikuwa amejaribu kujigeuza mwenyewe. Uso umezama kwenye mto, ule mkono wake mmoja mzima umebanwa chini ya kifua. Msusi akamgeuza. Kwenye shavu la mama palikuwa na ua moja lenye petali nne. Halikuwa jekundu. Lilikuwa jeupe.

Kabla hajapiga yowe, alichukua simu, akarudisha chumba kama kilivyokuwa. Alifanya hivyo polepole, kama mtu anayerudisha kijiko alichokiiba. Halafu ndipo akapiga yowe.

Jioni, nyumba imejaa watu, fundi akasimama katikati ya sebule.

"Mchana ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu," Redio akasema, "lakini wifi aliniambia mama amelala. Nikarudi."

Macho yote yakamgeukia Msusi. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi pale. Angesema neno moja.

"Mimi?" akasema. "Sijasema hivyo mimi."

Redio alimtazama. Yule mtu asiyekaa kimya hata akila, alikaa kimya. Kaka yake akamwambia, "Toka." Akatoka. Akamzika mama yake akiwa amesimama nyuma kabisa na watu baki, na baada ya hapo geti lile hakuligusa tena.

Mama alizikwa na kitambaa chake cha maua. Alikuwa ameomba hivyo tangu zamani.

Fundi hakuweza kukitazama kile chumba. Aling'oa Kasuku wa mama, akamzungushia waya wake, akamtia kwenye boksi, boksi akalipeleka karakana kwake. Kitanda kikabaki na godoro tupu. Msusi akabadilisha pazia, akaweka la kijani, akafunga mlango.

Siku zikapita, watu wakaanza tena kutazama tivii. Jioni moja wako wote watatu, filamu ya kuchekesha, tivii ikasimama.

*Mama anaita.*

Binti akaanza kulia. Fundi akasema ni hitilafu, kumbukumbu imebaki ndani. Akafuta kila kitu kwenye simu, akaanza upya, akaisajili nyumba kama mpya. Msusi hakumtazama. Alikuwa anaangalia taa ya ukumbini. Ilikuwa imewaka yenyewe, ile ya kuelekea chumba cha nyuma, kama walivyoizoesha kummulikia anayekwenda kumgeuza mama.

Baada ya hapo kile kidude kikawa kinamtafuta Msusi tu. Mume akiwepo, kimya. Mtoto akiwepo, kimya. Akibaki peke yake na masufuria yake, *Mama anaita.* Akazoea kuimba kwa nguvu.

Mchana mmoja akaja mteja mgeni, mama mtu mzima, mpole, ametumwa na mtu. Msusi alikuwa amehamishia kazi sebuleni siku hiyo, saluni umeme umekatika. Akamkalisha chini, akaanza kusuka. Kichwa kimefika nusu.

*Mama anaita.*

Vidole vya Msusi vikasimama. Kisha ikaja sauti nyingine. Si ya Kasuku. Ilikuwa inakokota.

"Nigeuze, mwanangu."

"Una mgonjwa ndani?" mteja akauliza.

Msusi akatazama mlango wa ukumbini. Angesema nini? Kwamba aliyeita amezikwa? Na mteja akiuliza alikufaje? Aibu ilimkaba kuliko woga. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Mtu mwenye woga angekimbia. Yeye aliona haya.

"Ndiyo," akasema. "Ni mama mkwe."

"Nenda basi ukamgeuze, mwanangu. Mgonjwa hasubirishwi. Nywele zitaningoja."

Akaenda. Taa ya ukumbini ikawaka mbele yake. Akafungua mlango, akaingia, akafunga nyuma yake. Godoro tupu. Pazia la kijani. Hakuna mtu. Akasimama pale mikono imening'inia, anasubiri upite muda wa kumgeuza mtu, ili arudi. Uongo mwingine, ona. Ameudanganya ukuta.

Halafu akaona godoro limebonyea.

Upande wa ukutani. Bonde refu, jembamba. Akaweka kiganja.

Lilikuwa na joto.

Akatoka. Hakumbuki alivyotoka. Akaketi nyuma ya mteja, akashika kitana, kila anachosuka kinafumuka.

"Una subira wewe," mteja akasema, bila kugeuka. "Ila mama wa watu analalamika. Anasema hukumgeuza, umesimama tu."

Msusi akaanza msuko ule ule upya.

"Na anasema lile pazia jipya linamziba. Haoni geti. Anataka kuona binti yake akija."

Aliyajua hayo mimi nikiwa bado sijayajua, kwa hiyo msiniulize kwa nini hakuja kwangu siku hiyohiyo. Alimaliza kichwa cha watu. Akamshukuru. Alipofunga mlango alikaa chini kwenye nywele zilizodondoka, akakaa hapo mpaka binti yake akarudi akamuuliza mama, umeanguka?

Sasa, upande wa pili moto ulikuwa unawaka. Mjomba mtu, kaka wa marehemu, mzee asiye na mzaha, alikuwa ameamua jambo liishe. Ama Redio aje mbele ya ukoo, akiri kwamba alimwacha mama yake afe, aombe radhi, ama jina lake lisitajwe tena kwenye shida wala raha. Redio alikataa, akakataa, mpaka akachoka. Unajua upweke unavyomla mtu wa kuongea. Akatuma ujumbe kwamba atakuja.

Msusi alipoambiwa siku ya kikao, alitandika mikeka mwenyewe. Alipika mwenyewe. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kata.

Watu wakafika mchana, jua kali nje. Sebule ikajaa, wengine barazani, wengine mpaka getini. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimekaa karibu na jokofu, kiti cha plastiki. Redio akaingia. Alikuwa amekonda. Akaketi chini katikati, hakuomba hata maji.

"Sema," mjomba akamwambia.

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Mara mbili. Akamtazama Msusi. Si kwa hasira. Kama mtu anayeuliza, ni kweli unaniacha nifanye hivi?

Msusi akainuka. Akasema anakwenda kuangalia jiko. Hakwenda jikoni. Nilimwona akiingia ukumbini.

Alifungua chumba cha nyuma, akapiga magoti kando ya lile godoro, akaweka mdomo wake karibu kabisa, pale pangekuwa sikio. Akanong'ona. Hakukuwa na kitu chumbani humo, nawaambia. Hakuna spika, hakuna waya, hakuna simu. Yake ilikuwa mezani mbele yetu.

Na sisi tukamsikia.

Tukamsikia kwenye tivii iliyozimwa. Tukamsikia jikoni. Nilimsikia nyuma ya shingo yangu. Walioko getini walimsikia getini.

"Mama, nisamehe. Ni mimi. Wifi alikuja, nikamwambia umelala. Ulipoita nilikuzima. Nilikuwa natazama tamthilia, mama. Natazama tamthilia."

Kulia. Kupumua.

"Nitakugeuza kila siku. Nitakuja kila siku. Lakini usiwaambie. Nakuomba. Usiwaambie."

Neno hilo la mwisho likaenda nyumba nzima, chumba kwa chumba, likatoka mpaka barabarani.

Alirudi amefuta macho, amevaa tabasamu la mwenye nyumba, ana bakuli mkononi. "Jiko liko vizuri," akasema. Akaona nyuso. Akamtazama mume wake. Akamtazama binti yake, na binti yake akatazama pembeni. Hapo akaelewa. Bakuli halikumponyoka. Aliliweka chini taratibu, akajifunika uso kwa khanga, akabaki amesimama hivyo hivyo katikati ya watu, na hakuna aliyemwambia aketi. Hata mimi. Ni damu yangu, na sikumwambia aketi.

Fundi akakimbilia karakana. Akarudi na boksi. Karatasi ya gundi aliyolifungia ilikuwa haijabanduliwa. Akalikata mbele yetu. Kasuku alikuwa ndani, waya umemzunguka, baridi.

Redio ndiye aliyenyanyuka. Nilidhani atamvaa wifi yake, na nisingemlaumu. Akampita. Akaenda chumba cha nyuma, tukamsikia anavuta pazia la kijani, zile pete zinalia kwenye bomba. Kisha sauti yake, ya kawaida kabisa, ya mchana wa kazi.

"Haya mama. Weka mkono hapa. Moja, mbili. Umekuwa mzito wewe."

Kitanda kikalia. Na mtu akashusha pumzi, ndefu, ya kutua. Hakuwa Redio.

Tangu siku ile nyumba haikuita tena. Fundi aling'oa vyote. Redio amerudi kwao, anaongea kupita mwanzo, na kila mtu anamwacha aongee.

Mume hakumfukuza Msusi. Ni Msusi mwenyewe aliyeshindwa kupita pale getini, mahali watu walipomsikia. Yuko hapa kwangu sasa. Hasuki. Kwangu hakuna tivii, kuna taa moja na swichi yake ukutani. Analala kwenye godoro wazi, bila shuka, kwa sababu nitakayowaambia.

Asubuhi ya kwanza nilimwamsha kwa chai. Akajaribu kuinuka, mkono wa kushoto ukakataa, umekufa ganzi kama wa mtu mwingine. Nikaushika niusugue. Kuanzia kiwiko mpaka begani ulikuwa umejaa maua, mekundu, yenye petali nne, yameshikana. Nikatoa shuka, halina ua hata moja, nikapapasa godoro zima, na tangu hapo sikutandika tena. Hakuna kitambaa. Kitambaa kiko na mwenyewe.

Yakawa yale yale kila asubuhi. Daima kushoto. Anaugeuza uso ukutani, anaona haya hata mbele yangu, na hajigeuzi mpaka nije.

Leo nimechelewa, maji yalikawia kuchemka. Nilipoingia nimemkuta amegeukia mlangoni. Mkono wa kushoto haukuwa na kitu, ngozi safi. Maua yalikuwa kulia.

Nikamuuliza, "Umejigeuza?"

Akatikisa kichwa.

Na mimi sijamgusa.